Masomo ya Juu ya Roboti: Kisa cha Kigari cha Stanford

Watu wengi wasikiapo neno roboti humfikiria mtu wa bati, mwenye taa mahali pa macho na sauti ya kukwaruza. Si ajabu, kwa kuwa neno lenyewe lilizaliwa jukwaani. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alilitumia katika tamthilia yake ya mwaka 1920, akilitoa katika neno la lugha yake lenye maana ya kazi ya shokoa. Lakini mtu aingiaye katika maabara ya chuo kikuu ambamo roboti husomwa kwa ajili ya shahada ya pili au ya tatu hamkuti mtu wa bati. Huenda akakuta mkono wa chuma uliokazwa juu ya meza, au jukwaa lenye magurudumu lililojaa nyaya. Na kando yake kijana aliyeketi sakafuni, akilitazama kwa muda mrefu bila ya kuligusa na kujiuliza kwa nini limesimama.

Kijana huyo anasoma nini hasa? Swali hili si la utani. Masomo ya namna hii hula miaka mingi ya ujana wa mtu, na fedha za wazazi, za serikali au za wafadhili. Na mara nyingi mwisho wake ni mashine itendayo jambo ambalo mtoto mdogo hulitenda bila ya kufundishwa. Mzazi au afisa atakaye kujua kama gharama hiyo ina maana hatapata jibu kwa kusoma orodha ya mitaala. Atalipata kwa urahisi zaidi akiifuata mashine moja tangu siku ilipoundwa hadi siku ilipopumzishwa. Mashine ifaayo kwa kazi hiyo ni kigari kimoja kilichopita mikononi mwa wanafunzi wa shahada za juu wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika jimbo la California nchini Marekani, kwa muda wa miaka ipatayo 20.

Sekunde mbili na nusu

Kigari hicho kiliundwa mwaka 1960 na 1961 na James Adams, mwanafunzi wa uhandisi mitambo. Kilikuwa chombo cha kawaida kabisa: magurudumu manne madogo ya baiskeli, mota za umeme, betri ya gari, na kamera ya televisheni iliyotazama mbele. Waya mrefu ulikiunganisha na mwendeshaji, ambaye kazi yake ilikuwa kukiongoza kwa kuitazama picha iliyoletwa na kamera.

Swali la Adams lilitoka mbali sana. Wakati ule Marekani ilikuwa ikitafakari kupeleka mwezini chombo chenye magurudumu ambacho kingeendeshwa na mtu aliyeketi hapa duniani. Mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini hata kwa mbio hizo huchukua zaidi kidogo ya sekunde moja kufika huko, na muda kama huo kurudi. Kwa hiyo dereva aonapo jiwe mbele ya chombo, anaiona hali iliyokwisha kupita kwa sekunde moja na robo. Na akikata usukani papo hapo, amri yake itafika baada ya sekunde nyingine moja na robo. Jumla ni kama sekunde mbili na nusu. Je, binadamu aweza kuendesha chombo kwa namna hiyo?

Adams alikichelewesha kigari kwa makusudi, kana kwamba kilikuwa mwezini, akapima jinsi kinavyoongozeka. Aligundua kuwa kwa kiasi hicho cha kuchelewa kigari hakikuweza kuongozwa kwa uhakika kikizidi mwendo wa karibu kilomita 0.3 kwa saa. Hesabu yaonyesha sababu. Kwa mwendo huo kigari husogea sentimita 20 tu kabla ya amri kukifikia. Lakini kikienda kwa mwendo wa mtu atembeaye, yaani kilomita 5 kwa saa, huwa kimekwisha kupita mita tatu na nusu. Dereva akiona chombo kimeelekea kushoto, hukata kulia. Picha haibadiliki upesi, naye hudhani hakukata vya kutosha, huongeza. Kisha amri zote mbili hufika kwa kufuatana, chombo hupinda kuliko ilivyotakiwa, dereva hushtuka na kukata kushoto kwa nguvu. Na baada ya muda mfupi kigari huyumba kama mlevi, ingawa aliyekishika yu macho kabisa.

Yafaa kuangalia jinsi jibu hilo lilivyo. Adams hakuunda chombo cha kwenda mwezini, wala kigari chake hakikuwa na akili ya aina yoyote. Alichokileta ni kiasi kilichopimwa, pamoja na sababu yake. Hicho ndicho kinachoombwa kwa mwanafunzi wa shahada ya juu, na wengi huchelewa kukielewa: huingia wakidhani wanakwenda kuunda mashine, kumbe mashine ni chombo cha kuulizia swali.

Mei 1961 Rais John Kennedy aliitaka nchi yake impeleke mtu mwezini kabla ya mwongo ule kwisha, na shauku ya chombo kisicho na mtu ikapoa. Walioliishi swali la Adams ni Wasovieti. Chombo chao, Lunokhod 1, kilitua mwezini Novemba 1970, kikaendeshwa kutoka duniani na kikosi cha madereva kwa umbali wa zaidi ya kilomita 10 katika muda wa miezi kumi hivi. Ndivyo mwendo unavyokuwa pale ambapo kila amri huchelewa.

Mstari mweupe

Baada ya Adams kuhitimu, kigari kilikaa bila ya kazi, kama ilivyo desturi ya vyombo vya wanafunzi waliokwisha ondoka. Katika miaka ya 1960 hiyo hiyo kilichukuliwa na maabara ya akili bandia ya chuo hicho, iliyoongozwa na John McCarthy, mtaalamu aliyelibuni jina hilo la akili bandia. Hapo swali likageuka. Haikuulizwa tena kama mtu aweza kukiendesha kigari kutoka mbali, bali kama kompyuta yaweza kukaa mahali pa mtu huyo.

Mwanafunzi aliyelichukua swali hilo, Rodney Schmidt, alikuwa wa uhandisi umeme, na haikuwa bahati mbaya. Kompyuta ya siku zile ilijaza chumba. Haikuwezekana kuipakia juu ya magurudumu ya baiskeli. Ilikaa jengoni, na kigari kikazunguka nje. Kabla ya kufikiri lolote kuhusu akili, Schmidt alilazimika kuunda mtambo wa kurushia picha za televisheni hewani na njia ya redio ya kuzirudishia amri. Mtu asiyeijua kazi hii huweza kusema kuwa hayo ni ya fundi, si ya msomi. Lakini roboti haimpi mwanafunzi nafasi ya kuchagua. Picha yenye chenga ikiingia katika kompyuta, hesabu iliyo bora kuliko zote itatoa jibu la upuuzi, na mwanafunzi hatajua kama kosa liko katika hesabu au katika waya uliolegea.

Tasnifu ya Schmidt ilikamilika mwaka 1971. Kigari kiliweza kuufuata mstari mweupe uliochorwa chini, kwa mwendo wa karibu kilomita 1.3 kwa saa, mradi mwanga uwe umedhibitiwa. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Kwa kompyuta, mstari si kitu. Ni kundi la nukta zilizo nyeupe kuliko jirani zake. Wingu likipita, nukta zote hufifia. Jua likiakisiwa na sakafu, sehemu isiyo mstari huwa nyeupe kuliko mstari wenyewe. Jicho la mwanadamu hulisahihisha jambo hili bila ya mwenyewe kujua, na kwa sababu hatujui tunavyofanya, hakuna aliyeweza kumwandikia Schmidt utaratibu wa kufuata.

Macho tisa ya kamera moja

Mwaka huo huo wa 1971 alifika Stanford mwanafunzi mwingine, Hans Moravec, mzaliwa wa Austria aliyesomea Kanada. Yeye alitaka kigari kivuke mahali pasipo na mstari: penye viti, miti na vizuizi vingine, bila ya kuambiwa mapema viko wapi. Tasnifu yake ilipatikana mwaka 1980. Miaka tisa ni mingi, na si yote iliyotumika kwa kufikiri. Oktoba 1973 kigari, kikiongozwa kwa mkono, kilipinduka kutoka katika njia ya mteremko ya kutokea, na tindikali ya betri ikamwagika katika vyombo vyake vyote vya umeme. Ilibidi kiundwe upya. Hakuna somo la darasani lenye jina la kufuta tindikali, lakini mwanafunzi wa roboti aliyemaliza bila ya kupoteza miezi kwa balaa kama hiyo ana bahati.

Kiini cha tasnifu hiyo ni swali la kale: mtu ajuaje umbali wa kitu kwa kukitazama tu? Msomaji anyooshe kidole mbele ya uso, alifumbe jicho moja, kisha lingine. Kidole kitaonekana kuruka upande. Ukuta ulio nyuma hautaruka sana. Kitu kilicho karibu huhama zaidi kuliko kilicho mbali, na kwa kutumia pembetatu zinazofanana, umbali hupatikana kutoka katika kiasi cha kuhama.

Kwa mfano, tuseme kamera imesogezwa pembeni, na kitu kilicho umbali wa mita 2 kimehama nukta 60 katika picha. Kilicho mita 4 kitahama nukta 30, na kilicho mita 12 kitahama nukta 10. Kila mara kuhama kukizidishwa kwa umbali hupatikana 120. Sasa programu ikosee kwa nukta moja tu. Ikisoma 59 badala ya 60, itasema kitu kiko mita 2.03: kosa la sentimita tatu, ambalo halidhuru. Lakini ikisoma 9 badala ya 10, itasema kitu kiko mita 13.3, na hapo kosa limepita mita nzima. Uhakika wa macho mawili huyeyuka upesi kadiri umbali unavyoongezeka, na hakuna ustadi wa kuandika programu uwezao kuiondoa kanuni hiyo.

Tena kuna kosa baya zaidi ya hilo. Ili kupima kuhama, kompyuta lazima itambue kuwa nukta hii katika picha ya kwanza ndiyo ile katika picha ya pili. Ukumbini mna viti ishirini vinavyofanana. Ikilinganisha mguu wa kiti hiki na mguu wa kiti kingine, haikosei kwa nukta moja, hukosea kabisa.

Dawa aliyoitumia Moravec ilikuwa kuongeza macho. Kamera iliwekwa juu ya reli fupi, yenye urefu wa karibu nusu mita, nayo ikapiga picha tisa mfululizo ikisogea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Programu kwanza ilichagua sehemu za picha zinazotambulika kwa urahisi, kama vile kona na mahali ambapo weusi hukutana na weupe kwa zaidi ya upande mmoja. Ukuta mtupu hauna faida, kwa sababu kila sehemu yake yafanana na nyingine. Kisha kila sehemu iliyochaguliwa ikatafutwa katika picha zote. Picha tisa zikichukuliwa mbili mbili hutoa jozi 36, na kila jozi hutoa kadirio lake la umbali.

Makadirio hayo 36 yalichukuliwa kama mashahidi barazani. Waliokiona kitu kweli husema mamoja, ijapokuwa hutofautiana kwa machache. Waliokosea, kila mmoja ana lake. Programu ilimpa kila shahidi uzito kwa kadiri ya uhakika wake, ikawajumlisha, kisha ikaukubali umbali ulioungwa mkono kuliko mwingine. Uongo wa jozi moja au mbili haukuweza kuishinda sauti ya wengi. Hilo ndilo wazo la thamani katika tasnifu ile, na laweza kuelezwa kwa mtu asiyewahi kuona kompyuta.

Baada ya hapo kigari kilisogea mita moja na kusimama. Magurudumu huteleza, kwa hiyo hayakuaminiwa kusema kimesogea kiasi gani. Programu ilizitafuta tena zile alama za mwanzo katika picha mpya, ikakokotoa mwendo wake yenyewe kutokana na jinsi alama hizo zilivyohama. Hapa palitumika ukweli mmoja rahisi. Kiti na nguzo havikaribiani wala kuachana kwa sababu kigari kimesogea. Alama ambayo umbali wake na wenzake umebadilika lazima ilipimwa vibaya, nayo ikatupwa.

Mwaka 1979 kigari kilivuka ukumbi uliojaa viti bila ya mtu kukiongoza. Njia ilikuwa ya mita 20 hivi, na safari ilichukua karibu saa tano. Kila mita moja ilihitaji dakika 10 hadi 15 za hesabu, katika kompyuta kubwa iliyokuwa ikitumiwa na watu wengine pia. Mtoto atambaaye angekuwa amekwisha uvuka ukumbi huo kabla ya kigari kumaliza kuzitafakari picha zake za kwanza. Hata hivyo hakuna chombo cha namna hiyo kilichopata kuipita njia kama ile kwa macho yake mwenyewe, hatua kwa hatua, huku kikichora ramani ya vizuizi.

Vivuli

Nje ya jengo mambo yalikuwa mengine. Jua la California lilitupa vivuli vikali, na ukingo wa kivuli kikali ni alama nzuri mno machoni pa programu inayotafuta mahali ambapo weusi hukutana na weupe. Basi programu iliyachagua. Lakini kigari kilikwenda polepole kiasi kwamba, kati ya kituo na kituo, jua lilikuwa limesogea angani, na vivuli vimesogea ardhini. Alama zilizopimwa kwa usahihi zikaanza kupingana na wenzake. Kanuni ya kuwa vitu haviachani, iliyofanya kazi vizuri ukumbini, ikageuka kuwa chanzo cha mkanganyiko.

Mkaaji wa nchi za ikweta aweza kulipima jambo hili uwanjani kwake. Nguzo ya urefu wa mita 2, katika siku ambayo usiku na mchana hulingana na jua hufika utosini saa sita kamili, huwa na kivuli cha mita 1.15 saa nne asubuhi. Saa tano kivuli hicho kimebaki sentimita 54. Kwa saa moja ncha yake imesafiri zaidi ya nusu mita, na kigari cha Moravec, kwa saa moja, kilikwenda mita nne hadi sita tu.

Moravec hakuyaficha haya. Aliyaandika kushindwa kwa kigari pamoja na kufaulu kwake, akieleza kila mara ni kitu gani kilichoidanganya programu. Katika fani nyingine mwanafunzi huweza kuona haya kuonyesha jaribio lililoharibika. Katika roboti, tasnifu isiyoeleza ni wapi mashine inashindwa haimfai mwanafunzi ajaye, kwa kuwa yeye ndiye atakayeanzia hapo. Kosa la vivuli lilitokana na uchache wa kasi ya kompyuta, si na udhaifu wa wazo, na tofauti hiyo ilihitaji kuthibitishwa kwa maandishi ili mwingine asilitupe wazo lenyewe.

Mwaka 1988, katika kitabu chake, Moravec alitoa hoja ambayo baadaye ilipewa jina lake: kwamba ni rahisi kwa kulinganisha kuifanya kompyuta ishindane na watu wazima katika michezo ya bao na mitihani ya akili, lakini ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Aliyekaa saa tano kukitazama kigari kikivuka ukumbi alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Yanayosomwa

Kutokana na kisa hiki twaweza kuona sababu ya masomo haya kuchanganya fani ambazo vyuo vingi huzitenga. Adams alitoka katika mitambo, Schmidt katika umeme, Moravec katika kompyuta, na kila mmoja alilazimika kujifunza kazi ya wenzake. Mwombaji wa shahada ya pili kwa kawaida hutakiwa awe na shahada ya kwanza katika mojawapo ya fani hizo, au katika hisabati au fizikia. Darasani hukutana na aljebra ya vekta na matriki, ambayo ndiyo lugha ya kuelezea mahali kitu kilipo na upande kinakoelekea. Nadharia ya udhibiti, ambayo maradhi ya kigari cha Adams ya kuyumba ni mfano wake mzuri. Na nadharia ya uwezekano, ambayo bila yake mashahidi 36 hawana hakimu. Programu za kompyuta hazitajwi sana katika masharti, kwa sababu hudhaniwa kuwa kila mwombaji anazijua. Asiyezijua hugundua kosa lake katika wiki ya kwanza.

Wengine hufuata njia ya mikono badala ya magari. Katika chuo hicho hicho, mwaka 1969, Victor Scheinman, mwanafunzi wa uhandisi mitambo, alibuni mkono wa chuma wenye viungo sita ulioendeshwa kwa umeme na kuongozwa na kompyuta. Ubunifu wake ulikuja kuingia katika mikono ya viwandani iliyouzwa kuanzia mwaka 1978. Mkono una nafuu moja kubwa: hauondoki mezani, na mahali pake panajulikana. Faida yake kwa viwanda ilionekana upesi. Kigari kilingoja zaidi.

Shahada ya pili huchukua mwaka mmoja au miwili, na mwanafunzi hupewa tatizo lenye mipaka. Ya tatu huchukua miaka minne au zaidi, na tatizo hulitafuta mwenyewe. Kulichagua ni kazi ngumu kuliko kulitatua, na hapo msimamizi mwema huonekana: hukataa matatizo makubwa.

Waliokuja baadaye

Mwaka 1980 Moravec alihamia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, ambako taasisi ya roboti ilikuwa imeanzishwa mwaka uliotangulia na Raj Reddy, mzaliwa wa India ambaye naye alisimamiwa na McCarthy alipokuwa akisoma Stanford. Huko, mwaka 1985, pamoja na Alberto Elfes, aliandika juu ya njia ya kuigawa sakafu katika miraba midogo na kuupa kila mraba uwezekano wa kuwa na kitu. Mashahidi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni daftari la kuandikia ushahidi wao. Mwaka 1988 taasisi hiyo ilianza kutoa shahada ya tatu yenye jina la roboti. Kabla ya hapo mtu alisoma roboti lakini cheti chake kiliandikwa umeme, mitambo au kompyuta.

Katika taasisi hiyo Michael Montemerlo alikamilisha mwaka 2003 tasnifu juu ya swali ambalo kigari kililijibu kwa taabu kila baada ya mita moja: mashine yawezaje kuichora ramani ya mahali isipopajua, na wakati huo huo kujua yenyewe iko wapi katika ramani hiyo? Kisha alikwenda Stanford. Mwaka 2004 serikali ya Marekani iliandaa mashindano ya magari yasiyo na dereva katika jangwa la Mojave, na gari lililofika mbali kuliko yote halikufikisha kilomita 12. Mwaka 2005 gari la Stanford, ambalo Montemerlo alikuwa mmoja wa waliolitengenezea programu, lilimaliza njia ya kilomita 212 kwa muda usiotimia saa saba.

Carnegie Mellon ina tawi lake Kigali, lililotokana na makubaliano na serikali ya Rwanda ya mwaka 2011, ambako vijana wa Afrika husomea shahada ya pili ya teknolojia ya habari na ya uhandisi wa umeme na kompyuta; roboti nayo imefundishwa humo kama somo. Kigari chenyewe kimo katika makumbusho ya historia ya kompyuta huko Mountain View, California, kamera ikiwa juu ya reli yake.

Anayefikiria kuyaomba masomo haya aweza kuyajaribu nyumbani kabla ya kujaza fomu yoyote. Simu yenye kamera iwekwe juu ya meza pembezoni mwa uwanja, ikitazama mbele, na kando yake rula ya sentimita 50. Chupa isimamishwe umbali wa mita 2, ndoo mita 4, na mti au nguzo ya mita 12 ichaguliwe nyuma yake. Simu isogezwe kwa kuifuata rula, bila ya kuigeuza hata kidogo, na picha tisa zipigwe kwa nafasi zilizo sawa. Kisha kuhama kwa kila kitu kupimwe kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, na kuzidishwe kwa umbali wake. Matokeo matatu yakikaribiana, kazi imefanyika vizuri. Yakitofautiana, ni lazima kutafuta kama simu iligeuka, kama rula haikunyooka, au kama kipimo cha mita 12 kilikuwa cha kubahatisha. Baada ya saa moja kazi hiyo irudiwe asubuhi yenye jua kali, safari hii kwa kuupima ukingo wa kivuli cha ndoo badala ya ndoo yenyewe.